Sara alimtii Ibrahimu, na Ibrahimu alimsikiliza nani?

Kwenye harusi nyingi za Kikristo andiko hili halikosi: Sara alimtii Ibrahimu, akamwita Bwana (1 Petro 3:6). Bibi harusi anainamisha kichwa, wazee wanaitikia "Amina", na mjadala unafungwa kabla haujaanza. Andiko hilo naliamini kabisa. Kinachoniuma ni kwamba tunalisoma peke yake.

Wanaosisitiza utii wa mke wana hoja nzito. Kitenzi cha Kigiriki anachokitumia Petro kwa Sara, hupakouo, ndicho Paulo anachokitumia akiwaagiza watoto wawatii wazazi wao katika Waefeso 6:1. Ni utii hasa, huwezi kuupunguza makali. Isitoshe, Petro anawaza pia wake ambao waume zao hawajaamini, akitumaini kwamba mwenendo wao utawavuta hao pasipo neno. Tena Ibrahimu alipomsikiliza Sara akamchukua Hajiri, mjakazi wa Sara, ili amzalie mtoto, amani ilitoweka nyumbani. Hilo nalo ni kweli.

Lakini kaa kidogo kwenye Mwanzo 16:2. Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, inasema Abramu aliitii sauti ya Sarai (ndiyo majina ya kwanza ya Ibrahimu na Sara), na kitenzi ni hicho hicho, hupakouo. Njoo sasa sura ya 21. Isaka amekwisha kuachishwa ziwa, na Sara anataka Hajiri afukuzwe pamoja na mwanawe. Ibrahimu anaumia, maana Ishmaeli ni damu yake. Mungu hamwambii amnyamazishe mkewe. Anamwambia asikie sauti yake katika kila atakalomwambia (21:12). Safari hii kumsikiliza mke ndiko kumtii Mungu. Hata pale Sara anapomwita mumewe "bwana wangu", katika 18:12, anacheka moyoni kwa sababu wote wawili wamezeeka.

Utii wake pia uliwahi kumponza. Kule Misri Abramu, kwa kuhofia kuuawa, alimwomba aseme ni dada yake. Sarai akaishia nyumbani kwa Farao, na aliyemwokoa ni Mungu, si mumewe.

Ndiyo maana namkumbuka Safira wa Matendo 5. Anania aliuza kiwanja, akazuia sehemu ya thamani yake, mkewe akijua, akawaletea mitume iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Saa tatu hivi baada ya mumewe kuanguka na kufa, Safira anaingia, hana habari. Petro anamwuliza kama walikiuza kwa thamani ile. Mlango wa ukweli uko wazi mbele yake. "Ndiyo, kwa thamani hiyo," anajibu. Utasema hakuwa anatii, alikuwa amepatana na mumewe, na Petro mwenyewe anasema walipatana. Sawa. Ila Petro hakutaka kujua Anania alimwagiza nini. Alimwuliza yeye, akangoja jibu lake yeye. Na waraka unaomsifu Sara unabeba jina la Petro huyo huyo.