Siku ya mionzi inayorukwa ni mtaji wa uvimbe

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akikosa mionzi Ijumaa, mara nyingi huambiwa, "Usijali mama, tutakuongezea siku moja mwishoni." Jumla ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) inatimia, faili linafungwa. Hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu uvimbe haukukaa ukisubiri Jumatatu.

Oksijeni inayotoka kwenye mshipa wa damu haipenyi zaidi ya takriban milimita 0.2. Seli zilizo mbali na hapo huishi kwa kubanwa pumzi, na hizo ndizo sugu: kuziua kunahitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ya ile inayotosha seli zenye oksijeni. Ndiyo maana dozi hugawanywa. Kipande cha leo kinaua zilizo karibu na mshipa, za nyuma zinapata hewa, na cha kesho kinazikuta zimelainika.

Ila hewa hiyo ina mambo yake. Seli zina protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikiwepo, sehemu yake ya alfa huvunjwa ndani ya dakika chache. Ikikosekana, inabaki, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni la VEGF, protini inayoita mishipa mipya. Mwaka 2004, timu ya Mark Dewhirst katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilionyesha kwenye uvimbe wa panya kwamba baada ya mionzi HIF-1 hupanda hata oksijeni ikiwa imerudi, kwani radikali huru, yaani molekuli kali za oksijeni, zinazozaliwa wakati huo huichochea. VEGF inayotoka huzikinga seli za ukuta wa mishipa zisife kwa kipande kinachofuata. Yaani mionzi inaua, na papo hapo inapigisha mbiu ya mafundi.

Sasa iweke ratiba mezani: grei 45 kwa vipande 25 vya grei 1.8, Jumatatu hadi Ijumaa. Sisplatini, dawa ya kemo, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki. Kisha mionzi ya ndani, inayotolewa kwa chanzo kinachowekwa karibu na uvimbe, mathalani grei 7 mara 4. Yote yaishe ndani ya siku 56. Ukivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe nyongani hupungua kwa asilimia 0.5 hadi 1 kila siku, hasa kwa kuwa seli zilizosalia zinazaliana kwa kasi. Uingereza, wagonjwa hawa wako kundi la kwanza: ratiba yao haitakiwi kurefuka zaidi ya siku 2.

Siku iliyopotea hufidiwa Jumamosi, au kwa vipande viwili siku moja vilivyoachana saa 6 au zaidi, ili tishu zenye afya zipate muda wa kujitengeneza. Kumpiga grei 3.6 kwa mkupuo ni kosa. Rektamu (mwisho wa utumbo mpana) na kibofu vitalipa miezi au miaka baadaye. Tena pengo la wiki ya tano ni baya, maana hakuna wiki zilizobaki za kulifidia.

Sababu za mapengo tunazijua. Kobalti-60, chanzo cha mionzi kwenye baadhi ya mashine, hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 5.27, hivyo mgonjwa wa dakika 2 anakuwa wa dakika 4 na foleni inaota mkia. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, Kampala, ilikufa, na nchi nzima ikabaki bila mionzi. Kuna Idi, ambayo hatuijui mpaka mwezi uandame: Jumamosi ya kufidia ipangwe kabla, isisubiri mwezi. Na kuna nauli na pa kulala, ambavyo havimo kwenye faili lolote.

Wengine huuliza: kwa nini tusiizuie VEGF yenyewe? Dawa ya bevasizumabu inafanya hivyo. Katika jaribio la GOG 240, lililochapishwa 2014, iliongeza muda wa kuishi (wa mediani) wa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imesambaa au kurudi, kutoka miezi 13.3 hadi 17. Lakini waliopata fistula, yaani tundu, kati ya utumbo na uke wote walikuwa wameshapigwa mionzi ya nyonga. Kwenye glioblastoma, saratani ya ubongo, majaribio mawili makubwa ya mwaka huohuo yaliichanganya na mionzi. Ugonjwa ulichelewa kuendelea, lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi. Kwa bajeti zetu, ningeanza na vitanda vya hosteli ya wagonjwa.

Na damu. Mgonjwa anayevuja damu kila siku anaupelekea uvimbe oksijeni kidogo, na sigara inazidisha, kwani monoksidi ya kaboni hukalia nafasi ya oksijeni kwenye himoglobini. Vituo vingi huongeza damu Hb (kiwango cha himoglobini) ikishuka chini ya gramu 10 kwa desilita. Sindano za EPO, homoni ya kuchochea mwili utengeneze damu, zisichukuliwe kama njia ya mkato, zinaongeza hatari ya damu kuganda. Hb ipimwe kila wiki, pamoja na damu ya kuangalia figo kabla ya sisplatini: mgonjwa anachomwa sindano mara moja tu.