Ukishusha gari Mtwara, nunua amu kabla ya rimu

Malipo ya korosho yakianza kuingia, vijana wa Mtwara wengi hukumbuka gari. Mark II, Altezza na Crown zinaingia gereji, zinatoka zimekaa chini, zimependeza. Mimi ni mpenzi wa magari yaliyoshushwa na siandiki kumkataza mtu. Ninachopinga ni mpangilio wa manunuzi: springi fupi, halafu rimu kubwa, halafu muziki, na amu (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu kwenye bodi) za kurekebisha kemba (kiasi tairi linavyolala ndani au nje kwa juu) zinasubiri mpaka tairi litoke waya upande wa ndani, tena kwenye mwendo wa barabara ya Lindi. Amu zinunuliwe pamoja na springi. Kama pesa haitoshi, rimu ndizo zingoje.

Magari niliyoyataja, mengi yake, yana amu ya juu na ya chini nyuma kila upande, ya juu fupi na ya chini ndefu. Wameitengeneza hivyo makusudi. Gari likilala kwenye kona, bodi inashuka upande wa nje, na ile amu fupi inavuta sehemu ya juu ya tairi kuingia ndani, ili uso wa tairi uendelee kukanyaga lami vizuri. Sasa wewe ukilishusha gari kwa sentimita 5, umezilazimisha amu zikae muda wote kama gari liko konani. Hata ukiegesha, tairi limelala. Kutoka kiwandani kemba ya nyuma huwa karibu na sifuri au digrii 1 hivi hasi, yaani juu ya tairi imelala kwa ndani. Gari lililoshushwa sana linaweza kufika 2 au hata 3. Zinaonekana namba ndogo, lakini tairi la 215/45 R17 lina kimo cha kama sentimita 62, kwa hiyo kila digrii 1 ni milimita 11 hivi za kulala. Digrii 3 zinazidi sentimita 3. Uzito wa gari, abiria na mizigo unabebwa na ukanda mwembamba wa ndani, sehemu ambayo huioni mpaka uiname na tochi.

Amu ya kurekebishika ina thredi katikati, au kwenye kichwa kimoja, na nati ya kufungia. Ukiirefusha amu ya juu, unasukuma kichwa cha tairi kitoke nje, kemba inapungua. Haihitaji kurefushwa sana: pale ambapo viungio vya juu na chini vimepishana sentimita 25, milimita 4 na kidogo tu zinakurudishia digrii 1. Ndiyo maana nasema fundi aende robo mzunguko kwa robo mzunguko, na pande zote mbili zilingane.

Hapa kwenye aina ya amu nina msimamo mkali. Zinazouzwa kwa wingi mitandaoni zina viungio vya chuma kwa chuma, piloboli, na vijana wanazipenda kwa sababu ndizo za mashindanoni. Zinafaa mashindanoni, ambako gari linafunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio. Sisi tunaishi Shangani, tunapita Mikindani kando ya maji, upepo wa chumvi unapiga chini ya gari usiku kucha. Mwisho wa wiki tunapanda Newala, vumbi jekundu linajaa kila upenyo. Chumvi na vumbi vikikutana ndani ya kiungio kisicho na kifuniko, kinaanza kugonga mapema, na kikishagonga kina nafasi, na kikiwa na nafasi kemba uliyoipima haipo tena. Mwaka 2024, mwezi Mei, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, tuliona wote kwamba lami hii tunayoitegemea inaweza kugeuka tope kwa siku moja. Kwa pwani yetu chukua amu zenye bushi za mpira mgumu, yaani viungio vya mpira vinavyozunguka bolti. Pakaa grisi kwenye thredi kabla ya kufunga, la sivyo siku ukitaka kurekebisha utakuta kutu imeshika nati na spana inazunguka bure.

Na bushi za mpira zina sharti lake. Bolti zake zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kwenye kimo chake. Bushi iliyokazwa gari likiwa hewani inakuwa imejipinda pale linaposhuka, na itachanika kabla hujapata faida ya pesa yako. Msimamie fundi kwenye hili. Wengi ni hodari, ila foleni ikiwa ndefu hatua hii ndiyo inayorukwa.

Kuna jambo linalowaponza hata waliokwisha kununua amu. Ukigusa kemba, umegusa pia mwelekeo wa tairi, yaani kama matairi mawili yanatazama mbele sambamba au yanatazamana. Na mwelekeo mbovu unakula tairi haraka kuliko kemba. Kemba ya digrii 2 yenye mwelekeo sahihi inaweza kukupeleka mbali. Ile ile yenye mwelekeo ulioharibika inatafuna upande wa ndani huku dereva akiilaumu kemba. Kwa hiyo kufunga amu bila kupeleka gari kwenye alaimenti, mashine ya kupima na kunyoosha matairi, siku hiyo hiyo ni kazi nusu. Kemba unaweza kuikagua mwenyewe nyumbani, kwenye sakafu iliyo sawa, kwa timazi ya fundi mwashi: uzi unashuka kando ya rimu, unapima umbali juu na chini. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita 8 ni kama digrii 1. Mwelekeo wa tairi mwachie mwenye mashine.

Kukata amu ya kiwandani na kuichomelea kipande ili irefuke, hapana. Nimeona zimefanywa, na zimepakwa rangi zikapendeza. Kile chuma kinashikilia gurudumu kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mbele ya lori linalokuja. Sitapanda gari hilo, wala sitamruhusu mdogo wangu alipande.

Wapo wanaotaka kemba ibaki imelala kwa urembo. Kwa gari la kutembelea mjini, Chuno mpaka Ligula, mtu ana uamuzi wake. Lakini barabara zetu zinabeba malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini, na lami imeanza kuwa na mifereji ya magurudumu. Tairi lililolala sana linafuata mfereji. Usukani unakuvuta na wewe unaurudisha, safari nzima. Mvua ikinyesha na ile mifereji ikajaa maji, breki nazo zinakuta tairi limekanyaga kidogo. Mimi kwa gari la Mtwara na Lindi naishia digrii 1, ikizidi sana 1 na nusu, hasi, nyuma. Sifuri sipendi pia, maana kichwa cha tairi kinatoka nje na kuanza kukwaruza fenda kila tuta.

Wenye IST na Vitz, msiuziwe amu za juu. Mbele yenu kuna shokapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu), amu ya juu haipo, na nyuma ni ekseli ya kipande kimoja. Mbele mnatumia bolti za kemba pale shokapu inapoungana na nako, zinatoa digrii 1 hivi, na zinatosha kwa gari lililoshushwa kwa kiasi. Subaru Impreza mbele nazo ziko hivyo hivyo, na bolti ya juu tayari ina alama za kurekebishia kutoka kiwandani. Mwambie fundi aisome kabla hajakutuma dukani.