Kwa nini mzazi aambiwe ajikaze?

Lugha yetu imeupa uzazi jina la maumivu yake: mwanamke akishikwa na uchungu, hakuna anayeuliza ni uchungu wa nini. Nadhani mazoea hayo yamechangia kutufanya tuione dawa ya kumpunguzia mzazi maumivu kuwa ni anasa. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mimi nilibaki kwenye benchi nje ya leba na chupa yangu ya chai, nikimsikia muuguzi akimwambia ajikaze, kwani si yeye wa kwanza kuzaa.

Watafiti wameacha siku nyingi kuuliza kama maumivu hayo yastahili kutibiwa; wanachotafuta sasa ni namna ya kuyatuliza huku mama akibaki macho na mwenye nguvu za kusukuma. Hofu ya wengi kuhusu sindano ya ganzi ya mgongoni, yaani epidurali, ilitokana na dozi kubwa za zamani zilizofisha miguu na kuongeza haja ya kumvuta mtoto kwa vyombo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa dozi ndogo, waliojifungua kwa kawaida walifika asilimia 43, wakati kwa dozi ya zamani walikuwa 35. Mapitio ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 40 na wanawake zaidi ya 11,000, hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji.

Mwaka huohuo, Uingereza tena, akina mama waliojipimia remifentanili, dawa kali ya maumivu ipitayo kwenye mshipa, kwa kubonyeza kitufe walihitaji epidurali kwa asilimia 19, ilhali waliochomwa pethidini, sindano ya maumivu ya siku nyingi, walikuwa 41. Remifentanili, hata hivyo, inaweza kupunguza pumzi, kwa hiyo mkunga hapaswi kubanduka kando ya kitanda. Na wodi ambayo mkunga mmoja anahudumia wazazi kadhaa kwa zamu haiwezi kuipokea kesho.

Lipo jambo linaloweza kupokelewa kesho. Majaribio 26 yaliyohusisha wanawake karibu 16,000 yameonyesha kwamba mzazi mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa kawaida, na huhitaji dawa za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Mimi nilibakizwa nje kwa kuambiwa vitanda havina mapazia, na wazazi wengine wangeonekana. Sababu ya kweli, lakini pazia ni kitambaa na waya.

Naogopa tu tusije tukaufanya usindikizaji huo kisingizio cha kumnyima mzazi dawa. Shirika hilohilo linapendekeza epidurali kwa mzazi mwenye afya anayeiomba, na anayeiomba anahitaji mtaalamu wa usingizi aliyepo usiku na mchana, pamoja na mtu wa kumpima shinikizo la damu kila mara, kwa kuwa sindano hiyo huweza kulishusha. Bajeti ya mapazia isichukue nafasi ya bajeti ya wataalamu hao.