Kichujio kinachopima ngozi

Kila yanapotajwa maudhui ya ngono kwenye tovuti za kuuza picha, hoja inayosikika sana hapa Nairobi ni moja: ziondolewe zote. Mwalimu anatafuta picha ya kuweka kwenye kitini cha wanafunzi, anaandika neno la kawaida kama "nesi", na katikati ya wauguzi wa kweli anajitokeza msichana mwenye sketi iliyoishia pajani, midomo nusu wazi, kifaa cha kusikilizia mapigo kikining'inia kifuani kama kidani. Mzazi akiona hivyo hukasirika, na ana haki. Dawa inayopendekezwa ni kichujio cha kompyuta kinachofuta kila chenye uchi kabla hakijamfikia mtu.

Lakini mtazameni tena huyo nesi. Amevaa. Kichujio cha uchi kitampitisha.

Atakayezuiwa ni mwingine. Sehemu ya kazi yangu ni kuchagua picha za kurasa za afya, na kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, huwa natafuta kitu kilekile: mwanamke Mwafrika akijikagua titi, vidole vitatu vimelala bapa, vikizunguka polepole kuelekea kwenye chuchu. Ninachopata ni utepe wa rangi ya waridi, alama ya kampeni hiyo. Utepe kwenye fulana, utepe kiganjani, wanawake wanne wanaotabasamu wakiwa wamebandika utepe. Utepe haumwonyeshi mtu pa kubonyeza, wala chuchu iliyoingia ndani inavyoonekana, wala ngozi iliyobonyea. Kwa mwenye ngozi nyeusi, ambaye wekundu, mojawapo ya dalili, haujitokezi kirahisi, picha hiyo ndiyo hasa inayohitajika. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na wengi hufika hospitali ugonjwa umeshakwenda mbali. Sisemi vichujio peke yake ndivyo vimeleta upungufu huu. Ila mpigapicha anayehofia kwamba kazi yake itakataliwa haipigi kabisa.

Mwaka 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza lilijaribu programu za akili mnemba za Microsoft, Google na Amazon ambazo mwenye tovuti yoyote anaweza kuzinunua ili zimchujie picha. Lilizipa picha ya mafunzo ya uchunguzi wa matiti iliyotolewa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Programu ya Microsoft ilikuwa na uhakika wa asilimia 82 kwamba ni picha ya ngono. Asilimia 82, kwa picha ya hospitali! Kisha mwandishi wa kiume akajipiga picha kifua wazi, na alama ambayo programu huipa picha kwa kuamsha ashiki ikabaki chini ya asilimia 22. Alipovaa sidiria ikapanda hadi 97. Alikuwa ameongeza nguo mwilini, na mashine ikamwona mchafu zaidi. Nimezirudia tarakimu hizi mara nyingi kwa sababu zinaonyesha mashine imejifunza nini hasa: kwamba kila kinachohusishwa na mwili wa mwanamke ni tamaa. Hivyo ndivyo anavyofikiri pia yule aliyempiga picha nesi wa sketi fupi. Tunaomba kichujio kitukinge na jicho hilo, kumbe kinatumia jicho lilelile.

Si nadharia tu. Oktoba 2020 Instagram ilifuta kwa mashine chapisho la Brazili lililoonyesha dalili za saratani ya matiti, ingawa kanuni zake zenyewe zinaruhusu picha za namna hiyo. Januari 2021 Bodi ya Usimamizi ya Facebook, inayopitia maamuzi ya Facebook na Instagram, ikaamua kwamba kulifuta lilikuwa kosa.

Wanaotaka kichujio wana hoja nzito kuliko wanavyodhani wanaowaita washamba, na Nairobi inaijua kuliko miji mingi. Mashine isipochuja, atachuja binadamu. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya watu 140 waliowahi kukagua maudhui ya Facebook wakiwa hapa jijini walipimwa na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Ripoti ya Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliwasilishwa mahakamani katika kesi yao. Vijana wa mtaani kwetu, wameangalia mauaji na ubakaji kwa mshahara mdogo. Anayesema "acha mashine ifute, hata ikikosea" anawafikiria hao, na siwezi kumpuuza. Kwa picha za ngono za watoto na za ukatili, nakubaliana naye moja kwa moja.

Hata hivyo sheria yetu imeanza kuuliza swali jingine. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu ya Casa Vera faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja wake, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hoja haikuwa uchi. Hoja ilikuwa ridhaa. Tovuti za picha nazo zina fomu ya ridhaa ambayo mwanamitindo hutia sahihi, na leseni ya Shutterstock, mojawapo ya tovuti hizo, inamkataza mnunuzi kumhusisha aliye pichani na ponografia au huduma za kutafuta wachumba. Lakini kichujio kinasimama mlangoni picha inapopakiwa, nayo mabaya mengi hutokea baada ya kununuliwa, pale uso wa binti aliyepigwa picha akitumia kompyuta mpakato unapobandikwa kwenye tangazo la dawa za nguvu za kiume.

Ndiyo maana ningependa nguvu ihamie kwenye maneno ya utafutaji na kwenye malalamiko. Picha ya yule nesi iondolewe neno "nesi". Anayeitaka aitafute kwa jina lake halisi. Februari 2014 kampuni ya kuuza picha ya Getty Images na shirika la kutetea wanawake la LeanIn.Org walianzisha mkusanyiko wa picha zaidi ya 2,500 za wanawake kazini na nyumbani, wakaongeza badala ya kufuta. Mkusanyiko kama huo wa picha za tiba kwenye ngozi nyeusi ungetufaa sana. Na picha ya afya ikizuiwa, rufaa isomwe na muuguzi au daktari anayelipwa ipasavyo, kwa kuwa hizi si picha za kumkosesha mtu usingizi.