Kozi za kazi zifanywe saa za kazi

Juma lililopita tulitumiwa tangazo kazini ambalo mpaka leo linanichoma. Kila anayeandika programu kwenye kampuni yetu amepangiwa kozi za mtandaoni, azimalize kabla robo hii ya mwaka haijaisha, apakie vyeti kwenye mfumo, na yote hayo ayafanye "katika muda wake wa ziada". Chini yake kuna fomu ya kujaza. Ndani ya fomu kuna swali: hobi yako ni ipi, na inakusaidiaje kukua kikazi?

La vyeti tumelizoea, ingawa halijawahi kuwa haki. Hili la hobi ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na huo muda wa ziada, maana aliyeutaja hajui umekaa wapi. Wengi wetu tunaoandika programu hapa Mombasa tunafanyia kazi watu walio mbali. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, na mwezi wa Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi na moja. Kikao chao cha asubuhi, kile cha kila mtu kueleza jana alifanya nini na leo anafanya nini, kinaanza huku watu wa mjini wanakimbilia matatu za Kisauni na foleni ya feri Likoni. Maswali yao yanaendelea kuingia adhana ya magharibi ikilia, mpaka isha. Na mchana wenyewe hatukuwa tumelala. Kulikuwa na hitilafu za kurekebisha, kazi ya mwenzako ya kukagua, na mteja wa hapa hapa ambaye mfumo wake wa malipo umegoma. Ukifunga laptopu saa nne usiku, watoto wameshalala na chakula unakipasha moto peke yako. Hapo ndipo unatakiwa uanze video za Kubernetes, mfumo wa kuendeshea programu kwenye seva nyingi, na mtihani uko mwishoni unakungoja.

Msimamo wangu ni huu: kozi inayotakiwa na kazi ni kazi. Kampuni ikiamua kuhamishia mifumo yake pahali pengine, ikahitaji watu wanaojua huko waendako, basi kujua huko ni sehemu ya gharama ya kuhama, sawasawa na seva na leseni. Faida ya ujuzi huo itaingia kwenye ankara ya mteja. Mbona basi gharama yake itoke kwenye usingizi wangu? Bandari ya Kilindini ikileta krini mpya, hakuna anayemwambia dereva wa krini akajifunze nyumbani usiku kwa bando lake mwenyewe, arudi Jumatatu na cheti. Atafundishwa pale pale, saa za zamu, na mshahara unahesabika. Sisi kwa sababu chombo chetu cha kazi kinaingia begini, tumeonekana kama watu ambao kazi inaweza kuwafuata mpaka kitandani.

Na si mimi niliyebuni wazo hili. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2019, namba 2019/1152, ambalo kifungu chake cha 13 kinasema mafunzo ambayo mwajiri analazimika kisheria au kwa makubaliano ya pamoja kumpa mfanyakazi yatolewe bure, yahesabiwe kuwa muda wa kazi, na inapowezekana yafanyike ndani ya saa za kazi. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 haijafika huko, lakini kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku ya kupumzika ambayo umekaa ukifanya jaribio la sura ya tano sijui ni ya kupumzika vipi. Tena kuna jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui. Mwajiri nchini Kenya hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, tozo ya mafunzo inayokwenda kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Maana yake serikali ilishaona zamani kwamba mafunzo ya kazi ni mzigo wa mwajiri, ikaweka na mlango wa kumpunguzia. Mlango huo upo wazi. Kinachokosekana ni mtu wa idara ya wafanyakazi kujaza makaratasi.

Wataniambia elimu ni bahari. Naam, methali hiyo nimelelewa nayo, na naiamini. Lakini hakuna aliyenifundisha kwamba mwajiri ndiye atakayechagua nizame wapi, saa ngapi, halafu anidai ushahidi kwamba nimelowa.

Sitaki nieleweke kwamba napinga kujifunza mtandaoni. Hilo nalikubali hata kama linawapa hoja wenye tangazo: bila mtandao nisingekuwa na kazi hii. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa 2009, na kilichofuata kilibadilisha maisha ya watu wa rika langu. Chuo cha MIT kilikuwa kimeshatangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, ila kwetu yalikuwa kama hayapo mpaka intaneti ilipoacha kukwama. Leo kijana wa Kongowea mwenye laptopu ya mitumba anaweza kufuata somo la kompyuta la CS50 la Harvard, au mazoezi ya freeCodeCamp tangu mwanzo mpaka mwisho, asilipe ada. Akikwama anaweza kwenda kukaa na wenziwe pale kituo cha vijana cha SwahiliPot karibu na Fort Jesus. Ni neema, na sitaibeza.

Lakini neema ile ilikuwa ya mtu aliyekwenda mwenyewe. Ukiigeuza amri, inageuka kitu kingine kabisa. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard zilizokuwa edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia darasani, na waliomaliza, kwa hesabu ya 2017 na 2018, walikuwa kama watatu katika kila mia. Mameneja wakisikia takwimu kama hizi husema ni uvivu, dawa yake ni kulazimisha. Basi waje waone kulazimisha kunazaa nini. Video inachezeshwa kwa mwendo maradufu, sauti imezimwa, mtu anakaanga viazi. Majibu ya mtihani yanazunguka kwenye kundi la WhatsApp, au anaulizwa roboti wa kujibu. Cheti kinapakiwa, meneja anatuma kidole gumba. Ukifika wakati wa kuurekebisha mfumo wenyewe usiku wa manane, timu nzima inamtegemea yule mmoja aliyejifunza kwa kuuvunja na kuujenga tena, na huyo alipewa nafasi hiyo ndani ya mradi, saa za kazi.

Sasa hobi.

Mimi navua kwa mshipi. Nimeanza ukubwani, upande wa Mama Ngina, chini kule kwenye mawe ambako mkondo wa Likoni unapita na meli za kuingia Kilindini zinakupita karibu mpaka unasoma jina ubavuni. Anayenifundisha ni mzee ambaye sote pale tunamwita Ami. Hana mtaala. Siku za mwanzo alinikataza hata kutia chambo, akanipa mshipi wenye chubwi tupu, kile kizito cha kuuzamisha, niushushe, niulaze juu ya kidole cha shahada, nimwambie chini kuna nini. Kwenye mchanga unahisi chubwi ikitua na kunyamaza. Kwenye mwamba unahisi ikigonga, inateleza, inagonga tena. Nilipoanza kupambanua hivyo viwili ndipo akakata kipande cha ngisi, akanionyesha namna ya kukipitisha kwenye ndoana mara mbili ili kisinyofolewe kirahisi.

Changu anagusagusa. Ukivuta mapema humpati. Ami husema, "Ngoja, mwanangu. Huyo anaonja tu." Tewa haonji, anabeba na kukimbilia pangoni, na akishaingia na kujitanua humo mshipi utaukata kwa kisu. Tafi naye, hata akiwa ameshatoka majini, hashikwi ovyo, maana miiba yake ina sumu na maumivu yake si ya mchezo. Ami alinishika mkono akauweka alipotaka uwe, kidole hiki hapa, kiganja hivi, kichwani kwanza halafu teremka ukiilaza miiba. Hakuna video ingeweza kunifanyia hivyo.

Na ratiba ya kuvua haipangwi na mimi wala na kampuni. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanaenda kwa nguvu kwenye mkondo ule mpaka chubwi haikai chini. Siku za maji mafu ndizo zetu, na hasa ile nafasi fupi maji yanaposimama kabla hayajageuka. Mara nyingi nafasi hiyo inanikuta kikaoni, nikiwaeleza watu wa ng'ambo jana nilifanya nini.

Inanisaidiaje kukua kikazi? Hainisaidii, na sitaki inisaidie. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema, alinishauri niandike kwamba kuvua kunafundisha subira, na subira ni sifa ya mtafuta hitilafu. Nimekataa. Nikishaandika hivyo nimekubali kwamba jioni yangu na Ami inahitaji kibali cha meneja, kwamba kila saa ya uhai wangu ni malighafi ya ofisi, na isiyozalisha lazima ijitetee. Kazini napimwa kwa tikiti nilizofunga, yaani kazi moja moja zilizoandikwa kwenye mfumo, kwa dakika za kujibu ujumbe, kwa kila kitu kinachoweza kuwekwa kwenye grafu. Pale kwenye mawe mimi ni mwanafunzi dhaifu kuliko watoto wa shule wanaokuja kuvua Jumamosi, na hakuna anayeandika popote. Binadamu anahitaji mahali kama pale. Nasema hivi kwa moyo wangu wote, na naamini wengi mnaosoma mna mahali penu.

Kuna dada kwenye timu yetu anajifunza kufuma kwa kulabu kupitia YouTube. Nimemwona wakati wa chakula cha mchana akirudisha kipande kile kile cha sekunde chache, mikono ya mwanamke asiyemjua, uzi ukizunguka kidole kidogo na kupita chini ya kile cha kati, anasimamisha, anajaribu, anafumua, anarudisha tena. Hiyo ni kozi ya mtandaoni. Hakuna cheti, hakuna tarehe ya mwisho, na kofia ya mtoto wa dadake imekamilika. Sasa na yeye aandike kwenye fomu kwamba kufuma kunamfanya awe makini na mabano?

Kwenye kundi letu mtu alileta hoja kwamba hobi huzaa makubwa: Linus Torvalds alipotangaza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 alisema ni hobi tu, na Guido van Rossum alianza lugha ya programu ya Python kama kazi ya kujifurahisha. Ni kweli. Lakini soma van Rossum mwenyewe alivyoeleza: ilikuwa Desemba 1989, wiki ya Krismasi, ofisi yake imefungwa, akatafuta kitu cha kumshughulisha. Ofisi ilikuwa imefungwa! Hakuna aliyekuwa akimtumia ujumbe saa tatu usiku, wala hakuna aliyemtaka aeleze kabla hajaanza kwamba hobi yake itaifaa idara vipi.

Gharama ya bando na stima siigusi leo, ingawa nayo inatoka mfukoni mwetu.

Kwa ninyi mnaoongoza timu na kupanga kazi za wiki mbili mbili, ninachoomba si kikubwa. Kozi iingizwe kwenye mpango kama tikiti nyingine yoyote. Ipewe saa zake, na kazi nyingine zipunguzwe kwa kiasi hicho hicho, si kuongezwa juu yake. Mkiona mpango hauna nafasi, basi jueni kwamba kozi hiyo haikuwa muhimu kama tangazo lilivyodai. Na ninyi mnaotafuta kazi sasa, kwenye usaili mkiambiwa kampuni "inathamini kujiendeleza", ulizeni siku gani ya wiki na saa ngapi.

Mimi nimeshamwandikia meneja wangu kuomba alasiri ya Alhamisi itengwe kwa timu nzima, kikao kisipangwe, na kampuni ifuatilie NITA irudishiwe fedha zake. Wenzangu kadhaa wamekubali kutia majina yao. Akikataa, tutaandika tena robo ijayo, na barua hiyo itakwenda kwa mkuu wake.