Phoenix ilipokuwa ikilala nje

Kila picha za zamani za Phoenix, ule mji wa jangwani huko Arizona, Marekani, zinapozunguka mtandaoni, watu hushangilia mashine. Wanaonyeshana hoteli ya Westward Ho, ghorofa 16, iliyofunguliwa 1928, na mabango ya sinema yaliyomwahidi mteja ubaridi kabla hata hajajua filamu gani inaonyeshwa. Mimi hunishika zile picha ambazo hazina mashine yoyote: kibaraza cha nyuma kilichozungushiwa wavu wa mbu, na ndani yake vitanda vimepangwa kama bweni la shule.

Ndivyo walivyolala watu wa Phoenix kabla ya viyoyozi. Mchana wa Julai hupita nyuzi 40, lakini hewa ya jangwani ni kavu, na zamani jua likishazama joto nalo lilipungua. Basi jioni watu walihamia kibarazani au uani. Kukizidi, walilowesha shuka na kuitundika mahali upepo unapopita. Aliyekulia nyumba yenye mtungi wa maji hahitaji kuelezwa zaidi: maji yakikauka, huondoka na joto.

Miaka ya 1930 akili hiyo ya mtungi ikatiwa ndani ya sanduku. Unachukua fremu ya mbao, unazungushia wavu wa kuku, katikati ya wavu unashindilia maranda, juu unadondoshea maji, ndani unaweka feni inayovuta hewa kupitia maranda yaliyolowa na kuipuliza chumbani. Wengi walijiundia wenyewe, kabla ya mafundi kama ndugu Adam na Gust Goettl kuyatengeneza mjini humo kibiashara. Nazipenda picha za madude hayo yakiwa yamening'inia madirishani. Hayana urembo wowote, ila unaona mkono wa mtu aliyechoka kutota jasho.

Kasoro yake ni kwamba yanadai hewa kavu. Mvua za Julai na Agosti zikileta unyevu, chumba kinageuka bafu. (Msomaji wa Dar au Mombasa, kile kifeni cha kujaza maji ulichouziwa kama "kiyoyozi kidogo" kinakwama hapohapo. Unyevu wa pwani hauachi maji yakauke. Pole.)

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viyoyozi vya kompresa, hivi vya leo visivyotegemea maji, vilishuka bei, na mji ukafumuka. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na watu 106,818. Mwaka 1960 walikuwa 439,170, ingawa sehemu ya hao walikuwa wa vitongoji vilivyomezwa na mipaka mipya ya jiji. Nyumba nazo zikabadilika. Kuta zikawa nyembamba, dari zikashuka, kibaraza cha kulalia kikafutwa kwenye ramani. Ya nini kugharimia kivuli wakati kuna swichi?

Kuna wanaotazama vile vitanda wakasema, "Jamani, waliteseka!" Waliteseka kweli, wachanga, wazee na wagonjwa kuliko wote. Kiyoyozi kimeokoa maisha mengi, na ningekuwa huko ningekiwasha bila aibu. Ninachobishana nao ni ile dhana kwamba mashine ilichukua tu nafasi ya kibaraza, na kwamba siku ukichoka nayo unaweza kurudisha kitanda nje.

Huwezi. Kompresa hailifuti joto, inalitoa chumbani na kulitupa uani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikadiria kuwa joto linalotemwa na viyoyozi vya Phoenix linaweza kupandisha halijoto ya usiku kwa zaidi ya nyuzi 1 katika baadhi ya maeneo. Ongeza lami na zege, vinavyohifadhi jua la mchana na kulirudisha usiku kucha. Kiangazi cha 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo zilizofika nyuzi 43 au zaidi, na usiku 16 mfululizo ambao kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 32. Tandika hapo shuka yako mbichi uone.

Mwaka huohuo joto lilihusishwa na vifo 645 katika kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo. Wengi wa waliokufa walikuwa nje, hasa wasio na makazi, yaani waliobaki kulala mahali ambapo zamani mji mzima ulilala. Waliokufia ndani, mara nyingi kiyoyozi kilikuwa kibovu, kimezimwa au hakipo kabisa.

Umeme ukikatika, nyumba ya dari fupi huwa tanuri. Mwaka 2018, katika kitongoji cha wastaafu karibu na Phoenix, mwanamke mmoja mzee alikatiwa umeme akiwa amebakiza deni la dola 51 hivi, akafa kwa joto ndani ya nyumba yake. Mwaka uliofuata ndipo wasimamizi wa huduma za umeme wa Arizona walipozuia kampuni zilizo chini yao kuwakatia watu umeme miezi ya joto kwa sababu ya deni.