Telemann Hakulipua Kazi

Ukitaja muziki wa Ujerumani wa karne ya 18, jina la kwanza ni Bach. La mtunzi mwenzake Georg Philipp Telemann huja nyuma, tena kwa dharau: eti aliandika mno, kazi zaidi ya 3,000, basi lazima alikuwa analipua. Maneno hayo siyakubali hata kidogo.

Wa zama zake hawakumwona hivyo. Mwaka 1722 kazi ya kuongoza muziki katika kanisa la Thomas, Leipzig, ilipobaki wazi, wakuu wa mji walimtaka yeye. Hamburg, mji aliokuwa akiufanyia kazi, wakamwongezea mshahara, akabaki. Aliyefuata kutakiwa, mtunzi Graupner, mwajiri wake akagoma kumwachia. Ndipo ikawa zamu ya Bach. Naye Bach alimheshimu: alishamfanya baba wa ubatizo wa mwanawe, Carl Philipp Emanuel.

Telemann aliupigania muziki tangu utotoni. Mama yake, mjane wa mchungaji, alimnyang'anya ala zake akitaka asome kitu cha maana. Wapi! Akiwa na miaka 12 alikuwa ameshatunga opera. Baadaye, akiwa katika mji wa Sorau, alizisikia ngoma za Wapolandi vilabuni, akazitia kwenye konseto zake, yaani tungo za ala zinazopigwa pamoja na okestra, bila kuona haya.

Kinachonigusa zaidi ni alivyowajali watu wanaopiga muziki nyumbani kwao. Mwaka 1728 alianzisha jarida la nota, Der getreue Music-Meister, kurasa nne kila baada ya wiki mbili. Humo mna vipande vya filimbi, vya fidla, vya kinanda, na nyimbo. Kipande kirefu kilikatwa katikati. Ukitaka kukimaliza, ngoja toleo lijalo. Na nota za vitabu vyake vingi vya Hamburg alizichonga mwenyewe kwenye mabamba ya kuchapia. Mtu wa kulipua anaipata wapi subira hiyo?

Waliomshusha ni wasomi wa karne ya 19, waliompima kila kitu kwa kipimo cha Bach. Wakati huohuo kantata ya Telemann (utungo wa kuimbwa kanisani pamoja na ala), Ich weiß, daß mein Erlöser lebt, ilihesabiwa kuwa ya Bach, hata ikaingizwa kwenye orodha ya kazi zake kwa namba BWV 160!

Anayebisha aisikilize konseto ya Telemann ya viola (fidla kubwa kidogo) katika G, hasa sehemu ya pili, kisha aniambie ni wapi hapo palipolipuliwa.